Rodi nyepesi ya kuvulia Mombasa: ipi ununue, na uiandae vipi

Ikiwa mfuko wako unatosha kununua kitu kimoja tu kilicho kizuri, basi kiwe rili, kile kifaa kinachofungwa kwenye rodi kuzungusha mshipi. Rodi ya wastani yenye rili njema itakupa samaki miaka mingi. Rodi ya bei kubwa yenye rili mbovu itakuvunja moyo siku ile kolekole atakaponasa na kukata kona kuelekea kwenye mwamba. Naanza na hili kwa sababu wengi wanaoniomba ushauri huuliza kwanza urefu wa rodi, halafu rangi, na rili huchukua yoyote waliyopewa nayo.

Kenya imefunga uwindaji wa wanyama pori tangu mwaka 1977, na bunduki za mishale chini ya maji nazo haziruhusiwi. Kwa hiyo mtu wa pwani mwenye hamu ya kuwinda amebakiwa na mshipi na ndoana, na mimi naona ametosheka. Lakini uwindaji huu ni wa kusimama. Ukifika kwenye majabali ya Mama Ngina, ufuo wa mjini Mombasa, maji yakianza kujaa na ukakaa hadi yajae, umesimama kwa muda wa saa sita, na umerusha chambo mara mia au zaidi. Hapo ndipo uzito unapojulikana. Rodi na rili pamoja zisizidi gramu 600. Ukipita hapo, bega litakuambia mapema kuliko samaki.

Nimezipanga kuanzia inayofaa zaidi. Ninayoiweka ya kwanza ni rodi ya futi 8 au 9, ya vipande viwili, iliyotengenezwa kwa kaboni iliyochanganywa na faiba, ikiwa na rili ya ukubwa wa 4000 (namba hiyo huandikwa kwenye rili, na ikiwa kubwa rili nayo ni kubwa). Kaboni tupu ni nyepesi na ina hisia kali, unasikia hata samaki akionja chambo, ila haipendi kugongwa kwenye jiwe. Ikipata ufa mdogo leo, itavunjika wiki ijayo ukiwa na samaki. Faiba tupu hustahimili vishindo lakini ni nzito na imelegea. Mchanganyiko ndio unaofaa majabali yetu. Karibu na mpini utakuta rodi imeandikwa uzito inaoweza kurusha. Tafuta inayoanzia gramu 20 hadi 60. Wakati wa kaskazi bahari imetulia na chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, la gramu 25 linakwenda mbali, lakini kusi kikivuma kinakupiga usoni, na bila gramu 50 chambo kinaanguka miguuni mwako.

Kuhusu rili yenyewe, usidanganywe na idadi ya beringi iliyoandikwa kwenye boksi. Beringi 10 za chuma hafifu zitashika kutu kabla ya 4 zilizo bora, na hewa ya Mombasa pekee, hata bila kuichovya baharini, ina chumvi ya kutosha kuimaliza. Ukiwa dukani zungusha mkono wa rili polepole. Usikie ulaini mmoja, bila chembechembe. Kisha ushike na uutikise ubavuni. Mkono ukilegalega, mrudishie mwenye duka. Halafu legeza breki, ile inayozuia mshipi usitoke ovyo samaki akivuta, na uvute mshipi kwa kidole. Utoke mfululizo kama maji ya bomba, usitoke kwa kushtuka-shtuka. Breki inayoshtuka ndiyo hukata mishipi. Shimano, Daiwa na Penn wana rili za ngazi ya chini na ya kati zinazopita majaribio haya matatu, na zisizo na jina kubwa nazo wakati mwingine hupita. Jaribu ile utakayoondoka nayo, usijaribu ile ya kwenye kioo halafu ukapewa nyingine.

Ya pili, na hapa najua baadhi ya ndugu zangu wa rodi hawatakubaliana nami, ni mshipi wa mkono. Nailoni iliyozungushwa kwenye kibao au chupa, chubwi, ndoana mbili, basi. Hakuna kifaa chepesi kuliko hicho, na ukiwa kwenye mtumbwi au ngarawa juu ya mwamba, changu na tewa hutoka kwa mshipi wa mkono sawa na kwa rodi. Anayeanza na hana pesa aanzie hapa, awekeze kwenye ndoana kali. Kinachoufanya uwe wa pili ni kwamba ukiwa nchi kavu hauruki mbali, na samaki mkubwa atakukata vidole usipovaa kitambaa.

Ya tatu ni rodi ya futi 7 ya kaboni na rili ya 2500 au 3000. Hii ni ya hori: Tudor, Mtwapa, sehemu zenye mikoko na maji yaliyotulia, au ndani ya chombo ambako rodi ndefu inakuwa kero. Ni tamu sana mkononi. Usiipeleke Mama Ngina wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maana maji yanayopanda na kushuka zaidi ya mita 3 huleta mkondo mkali, na hutaweza kumzuia samaki asiingie pangoni.

Rodi za kukunjika kama antena nimeziweka ya nne. Zinaingia kwenye mkoba, zinapanda matatu bila kumchoma mtu, na kwa mtoto zinafaa. Yangu ya kwanza ilikuwa hiyo. Mwezi wa tatu mchanga na chumvi viliganda kwenye maungio, ikakataa kukunjika, nikaivuta kwa nguvu na kipande cha juu kikapasuka mkononi. Ukiwa nayo, isuuze kila kipande kikiwa kimefunguliwa.

Ya mwisho ni seti za kwenye mfuko wa plastiki, rodi, rili, mshipi na ndoana kwa bei moja. Mshipi wake mara nyingi umekaa juani dirishani mpaka umekauka, na jua huiua nailoni. Pamoja nayo naweka zile rodi nzito za futi 13. Si mbaya, ila zina kazi yake kwenye fukwe pana zenye mawimbi, na mwambao wetu una miamba inayovunja mawimbi huko nje.

Ukishanunua, kazi iko nusu. Jaza spuli, sehemu ya rili inayobeba mshipi, mpaka ibaki milimita 2 kufika ukingoni. Ikipungua mshipi hauruki, ikizidi unamwagika mafundo. Kwa miamba yetu napendelea nailoni ya milimita 0.35, inayokatikia karibu kilo 8. Mshipi wa kusuka ni mwembamba na hauvutiki, lakini ukigusa tumbawe umekwisha. Anayeutumia aunge mbele yake nailoni nene ya mita 2 hivi. Anayemtafuta nguru au mzia aongeze kipande cha waya, kwa ajili ya meno.

Halafu breki. Hili lilinigharimu kolekole mkubwa kuliko wote niliowahi kunasa: nilikuwa nimekaza mpaka mwisho nikidhani ndio uhodari. Chukua chupa ya lita 2, ijaze maji, sasa una kilo 2 kamili. Ifunge kwenye mshipi, elekeza ncha ya rodi chini ili mshipi unyooke na rodi isibebe uzito, kisha inua. Chupa ikinyanyuka na spuli imetulia, legeza kidogo. Unataka spuli ianze kutoa mshipi polepole pale chupa inapoachana na sakafu. Kilo 2 ni robo ya nguvu ya mshipi wa kilo 8, na robo hiyo inatosha kumchosha samaki huku ikikuachia akiba anapostuka. Fanya hivyo kila unapokwenda, si mara moja kwa mwaka.

Pete za rodi zipitishie pamba. Nyuzi zikinasa popote, pana ufa, na ufa huo utausaga mshipi. Ndoana iburute juu ya ukucha wa dole gumba. Ikiteleza ni butu. Mimi hutumia ndoana za duara, zile zilizojikunja ncha kwa ndani, kwa sababu humshika samaki pembeni mwa mdomo na mdogo unaweza kumrudisha akiwa hai. Ila usivute rodi kwa kushtua. Kaza taratibu, ajinase mwenyewe.

Leseni ya uvuvi wa burudani ulizia ofisi ya uvuvi kabla ya kununua, na ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, eneo la mbuga halivuliwi kabisa. Waulize wavuvi wa bandari ya karibu mpaka uko wapi.

Ukirudi nyumbani kaza breki kwanza ili maji yasiingie ndani, kisha mwagia rodi na rili maji matamu kwa upole, bila mpira wa presha. Nasema matamu kwa makusudi: visima vya mitaa yetu mingi vina chumvi, na kusuuza kwa maji hayo ni kuongeza ugonjwa. Tumia ya mvua au ya mtungi, lita moja inatosha. Futa kwa kitambaa, anika kivulini, na kabla hujalala legeza breki ile uliyoikaza.