RAF Museum Hendon: nilifuata ndege London, nikajikuta Rufiji

Wadau mkifika London msiishie kupiga picha Big Ben tu, pandeni treni mshuke Colindale mtembee mpaka RAF Museum, makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza, pale Hendon, kiingilio bure kabisa. Mimi nilimpeleka mpwa wangu anayependa ndege za jeti, nikanasa kwenye hanga la vita ya kwanza ya dunia, yeye akaenda zake.

Kuna ndege ya kivita Sopwith Camel, yani Ngamia, wameiita hivyo sababu ya ile nundu iliyofunika bunduki zake mbili. Kwa picha unaona bonge la mashine kumbe ni mbao zimevishwa kitambaa zikakazwa na waya, tiara lenye injini! Na hiyo injini inazunguka nzima nzima pamoja na propela, ukikata kona vibaya inakubeba, wanafunzi kibao walikufia mazoezini adui hata hawajamuona. Halafu oili yake ni mafuta ya nyonyo, yanamrukia rubani usoni anayameza, na sisi tuliolelewa na bibi tunajua nyonyo inafanya nini tumboni 😂 sasa uko juu huko, baridi kali, hamna paa, mtu anakufyatulia risasi kwa nyuma na tumbo linakata. Parachuti marubani wa ndege wa Kiingereza hawakupewa.

Ila mimi iliyonimaliza ni Caudron G.3. Ndege za aina hii zililetwa Mafia 1915 kuisaka Königsberg, manowari ya Mjerumani iliyojificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, kwetu kabisa! Kabla yake Waingereza walileta ndege za Sopwith za kutua majini, joto la kwetu likazishinda, kupaa tu na mzigo shida. Tarehe 11 Julai rubani Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu na ndege aina ya Farman wakiwaelekeza wapiga mizinga wa meli za Kiingereza kwa redio, wakatunguliwa, na wakati wanashuka hivyo Arnold bado anatuma marekebisho ya shabaha jamani. Wakadondokea mtoni, wakaokolewa, na manowari ikaishia siku hiyohiyo.

Tengeni masaa matatu au zaidi, na viatu vya kutembelea, mimi nilivaa vya harusi kwa ujinga wangu. Nyota tano. Mpwa alirudi akanikuta palepale kwenye Caudron, "anko, kwani tunakula saa ngapi?"