National Portrait Gallery ya London: nenda ukamuone Ayuba, halafu mtafute liwali wetu

Kama uko London na una masaa mawili matatu usiache kupita National Portrait Gallery, makumbusho ya picha za watu, iko hapo nyuma ya Trafalgar Square, kiingilio bure kabisa. Walifunga miaka 3 kwa ukarabati wakafungua tena Juni 2023, na milango mipya ya mbele ina nyuso 45 za wanawake alizochora msanii Tracey Emin, simama hapo kidogo kabla hujaingia.

Mi nilienda hasa kwa ajili ya picha ya Ayuba Suleiman Diallo. Huyu bwana ni wa Bundu, pande za Senegali, mtoto wa ukoo wa masheikh, akakamatwa akauzwa utumwani Maryland, mwaka 1733 akafika London akiwa hafidh kamili, msahafu anauandika kwa kichwa. Kwenye picha kavaa kanzu nyeupe na kilemba, na shingoni kitabu chekundu kinaning'inia, ndo msahafu wenyewe huo. Kwanza alikataa kuchorwa, aliogopa isije ikawa ya kuabudiwa, alipokubali akashikilia achorwe na nguo za kwao, mchoraji William Hoare akasema nguo ambayo hajaiona hawezi kuichora, Ayuba akamuuliza mbona basi wachoraji wenu wanamchora Mungu na hakuna aliyemuona! Ukishajua hiyo ukimtazama yale macho yametulia vile, wallahi unamuona mtu aliyejichagulia mwenyewe aonekane vipi.

Sasa toka hapo nenda kwenye ile picha kubwa ya mchoraji Thomas Jones Barker ya 1863 hivi, Malkia Victoria anampa Mwafrika Biblia. Victoria ana jina, mumewe Albert ana jina, hata mawaziri walosimama nyuma wana majina, yule aloinama mikono mbele ndo hana. Kuna watafiti wanaona huenda mfano wake ni Ali bin Nasr, liwali (gavana) wa Mombasa, alietumwa na Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, kwenda Uingereza mwaka 1838 na tena 1842. Na tukio lenyewe halijulikani kama liliwahi kutokea. Mi wa Mombasa nilisimama pale mpaka miguu ikauma, manake liwali Muislamu, mjumbe wa Sultani, hakwenda kule kupiga magoti, alikwenda na barua za Sultani, mkubwa mwenziwe Victoria.

Picha ya Mai, mtu wa visiwa vya Pasifiki, ile alochora Joshua Reynolds ikanunuliwa pauni milioni 50, wanashirikiana na makumbusho ya Getty ya Marekani, anakwenda na kurudi, kwa hiyo angalia tovuti yao kwanza kama yupo.

Makumbusho haya nawapa nyota 4. Ukienda na watoto anza na Ayuba, wasomee jina lake kwa sauti, ndo uwapeleke kwa Barker na uwaambie yule alieinama huenda ni mtu wa kwetu, Ali bin Nasr.