Ubao mama wa B850 chini ya Linux: mtandao kwanza, mengine baadaye

Ubao mama ninaouzungumzia hapa ni wa familia ya B850, unaopokea prosesa za AMD za soketi ya AM5 na memori za DDR5, na niliununua katika duka moja la Luthuli Avenue kwa bei iliyozidi kidogo shilingi 30,000. Chapa yake siitaji, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanahusu chipu zilizomo, na chipu hizo hizo hupatikana katika mbao za kampuni zaidi ya moja. Muuzaji alikuwa mwungwana na mwenye subira. Nilipomuuliza kama ubao unakubali Linux, mfumo endeshi huria ninaoutumia badala ya Windows, alijibu, “Hii ni Windows 11 moja kwa moja, bosi,” na nilipotaka kujua chipu ya mtandao ni ipi, tuligeuza sanduku pande zote tukaambulia maandishi ya “5G LAN” peke yake. Hiyo 5G, kwa anayejiuliza, haina uhusiano wowote na ile ya simu. Ni gigabiti 5 kwa sekunde kupitia kebo.

Ninaanza na mtandao kwa sababu ukikosekana, hata draiva inayohitajika, yaani programu inayouwezesha mfumo kutumia kifaa, haiwezi kupakuliwa. Upande wa kebo, ubao huu una Realtek RTL8126, na upande wa Wi-Fi 7 una MediaTek MT7925. Chipu zote mbili zinatambuliwa na Linux bila kuongeza chochote kutoka nje, ila kwa sharti la umri wa kerneli, yaani kiini cha Linux: draiva ya MT7925 iliingia katika toleo la 6.7, na RTL8126 ikaongezwa kwenye draiva ya r8169 katika toleo la 6.9, yote mawili ya mwaka 2024. Debian 12, mojawapo ya mifumo ya Linux, ambayo bado inaendesha kompyuta nyingi za ofisi ninazozihudumia, ilitoka Juni 2023 ikiwa na kerneli ya 6.1, kwa hiyo niliposimika mfumo huo kwanza, kila kitu kilikwenda vizuri hadi kwenye hatua ya mtandao, ambako kisimikaji kilidai hakioni kadi yoyote. Amri ya lspci -nnk, inayoonyesha vifaa vilivyomo kwenye kompyuta, ilikiorodhesha kifaa namba 10ec:8126 waziwazi, lakini ule mstari wa chini yake unaotaja draiva inayotumika haukuwepo.

Njia ya kujinasua ni rahisi na haigharimu zaidi ya bando: unachomeka simu ya Android kwa waya wa USB, unawasha kugawana intaneti, na Linux huiona simu kama kadi ya kawaida ya mtandao. Kwa njia hiyo unaweza kuchukua kerneli mpya pamoja na vifurushi vya famuwea (programu za ndani ya chipu) kutoka backports, hazina ya programu mpya zilizotayarishwa kwa Debian ya zamani. Hata hivyo, sioni sababu ya kujisumbua hivyo kwenye mashine mpya, kwa kuwa Debian 13, iliyotoka Agosti 2025 na kerneli ya 6.12, ilizitambua kebo na Wi-Fi tangu mwanzo wa usimikaji. Ubuntu 24.04.2, Linux nyingine yenye kerneli ya 6.11, nayo imevuka sharti hilo.

Nina shaka zaidi na thamani ya hizo gigabiti 5 kwa mnunuzi wa Nairobi. Vifurushi vingi vya faiba vya nyumbani hapa huhesabiwa kwa makumi ya megabiti, na swichi zilizo kwenye ofisi ndogo kwa kawaida ni za gigabiti 1. Asiyehamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta zake mwenyewe angehudumiwa vyema na ubao wenye RTL8125 ya gigabiti 2.5, ambayo r8169 imekuwa ikiiendesha tangu kerneli ya 5.4 ya mwaka 2019, na hata Debian 12 ingeipokea bila swali.

Sauti, soketi za USB na diski za NVMe hazikunipa kazi yoyote, na kompyuta hulala na kuamka ipasavyo. Feni ndizo zilizobaki na kasoro. Chipu inayozisimamia ni Nuvoton NCT6687, na draiva ya nct6683 iliyomo ndani ya kerneli husoma joto na mizunguko bila kuweza kubadilisha kasi. Ipo moduli ya nje inayoweza, lakini hulazimu kujengwa upya kila kerneli inapobadilika, na ukiwa umewasha Secure Boot, kinga inayokataa programu zisizo na sahihi inayoaminika, ni lazima uitie sahihi kwa ufunguo wako mwenyewe. Mimi nilipanga kasi za feni ndani ya BIOS, programu ya msingi ya ubao wenyewe, nikaachana na moduli hiyo.

Kusasisha BIOS hakuhitaji Windows: faili huwekwa kwenye flashi ya FAT32, kisha kazi yote hufanyika ndani ya BIOS yenyewe. Mashine iwe kwenye UPS wakati huo, na stima ikipotea katikati hata hivyo, kitufe cha nyuma ya ubao kinaweza kuirudisha BIOS kutoka kwenye flashi hiyo hiyo. Kwa mtaa ambao umeme hukatika bila taarifa, kitufe hicho kwangu kina thamani kuliko Wi-Fi 7.