Shiti sita, karatasi sita: Excel na printa ya pande mbili

Wadau, karibuni tena. Leo Excel imenikera, na sitaki kusimulia tu, nataka muone wenyewe. Fomula na grafu mnazijua, naziruka. Leo ni kuprinti shiti nyingi kwa mpigo.

Tazameni kioo. Faili lina shiti sita, kila moja ukurasa mmoja. Nachagua kuprinti faili zima, naweka pande mbili, natuma. Zitoke karatasi tatu, si ndiyo? Sikilizeni printa... tatu... nne... jamani, sita! Geuza nyuma: nyeupe. Hii nyeupe, na hii pia.

Sasa nirudie, ila safari hii nasimamisha printa kwanza ili tuichungulie foleni yake. Mmeona? Nimetuma mara moja, zimeingia kazi sita, yaani maagizo sita tofauti ya kuprinti! Ndiyo maana ukiprinti kwenda PDF kwa njia hii unaweza kuombwa jina la faili tena na tena.

Chanzo ni kwamba kila shiti hubeba mipangilio yake ya kuprinti. Hapa ya kwanza ina ubora wa nukta 600 kwa inchi, ya pili 300, ya tatu 600 tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Ubora ukibadilika, Excel inakata kazi na kuanza nyingine, na kazi mpya haiwezi kuanzia mgongoni mwa karatasi ya mwenzake. Shiti uliyoikopi kutoka faili jingine huja na mipangilio yake ya huko. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakuna onyo lolote!

Dawa: bofya jina la shiti ya kwanza pale chini, shikilia Shift, bofya la mwisho. Fungua kidirisha cha mpangilio wa ukurasa, weka ubora 600, kubali. Angalizo: shiti zilizokuwa za kulala (ukurasa wa mlalo) zinaweza kufuata ile iliyo wazi zikasimama (ukurasa wa wima), kwa hiyo zikague. Halafu zitenganishe haraka, maana zikiwa zimeungana, ukiandika namba kwenye moja inaingia kwenye zote. Pande mbili zikigoma bado, ingia kwenye mipangilio ya printa shiti kwa shiti.

LibreOffice Calc, programu ya majedwali kama Excel, hapa naipenda: mtindo mmoja wa ukurasa unaupachika kwenye shiti zote, ukiurekebisha zote zinafuata. Na ni ya bure! Sihami Excel lakini, maana kuna siku nataka shiti moja ilale na nyingine isimame, na hapo kila moja kuwa na yake kunanifaa. Mkitaka video nzima ya Calc, semeni kwenye maoni, na ambaye hajajiunga na chaneli ajiunge.

Ukiwa na haraka, hifadhi faili zima kama PDF (kuhifadhi, si kuprinti kwenda PDF), uprinti hiyo PDF.

Haya, narudia na ubora mmoja. Foleni: kazi moja. Printa... moja, mbili, tatu. Imenyamaza! Geuza. Maandishi huku na huku.