Hatsune Miku V4X kwenye bendi ya roki: mwimbaji asiyevuta pumzi

Bendi yetu ina wapiga ala watatu. Mimi nashika besi, rafiki yangu mmoja yuko kwenye gitaa, na nyuma yetu kuna dada wa Kijapani anayezichapa drams mpaka sakafu inatetemeka. Tunafanya mazoezi hapa Nagoya, kwenye studio ya kukodi kwa saa, Jumapili usiku, nikiwa nimepumzika na kazi yangu ya magari yanayosafirishwa nje. Anayeimba ni Hatsune Miku, programu ya kompyuta inayoimba, toleo la V4X. Nimekuwa naye miaka mitatu sasa, na nataka kumsaidia yeyote anayefikiria kuinunua programu hii kwa ajili ya muziki wa bendi, maana karibu kila nilichosoma kabla ya kununua kiliandikwa na watu wanaotunga peke yao chumbani.

Kwa asiyemjua: Miku alitolewa Agosti 31, 2007 na kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo, kwa teknolojia ya Vocaloid ya Yamaha. Silabi zilirekodiwa kwa sauti ya mwigizaji Saki Fujita. Wewe unapanga noti, unaandika silabi chini ya kila noti, na programu inaziunganisha ziwe wimbo. V4X ilitoka 2016, ikiwa na sauti tano za Kijapani: Original, Soft, Solid, Dark na Sweet. Kwa roki fungua Solid moja kwa moja. Original ni tamu, lakini gitaa likishaanza kukwaruza haisikiki tena. Dark nimeipenda kwenye ubeti wa utulivu, pale besi inapobaki na sauti peke yao. Soft na Sweet sijazipatia kazi.

Sasa nije kwenye jambo lililotusumbua zaidi. Miku havuti pumzi. Mwimbaji wa kweli, hata awe na kifua cha namna gani, kuna mahali atavuta hewa, na bendi nzima inaisikia. Mpiga drams anaisikia, anajua kiitikio kinakuja, anainua mkono. Kwa Miku mstari unakwisha na mwingine unaanza hapo hapo, na miezi ya kwanza tulikuwa tunaingia kwenye kiitikio kama watu wanaojikwaa mlangoni. Mimi nilidhani tatizo ni kasi. Yule dada ndiye aliyegundua. Akaomba kipaza sauti, akavuta pumzi mara kumi na mbili, nyingine fupi ya haraka, nyingine ndefu ya mtu anayejiandaa kupaza sauti. Nikazikata, nikazipachika kabla ya mistari, nikafupisha noti ya mwisho ya kila mstari kidogo ili pumzi ipate nafasi. Tuliporudi studio wiki iliyofuata, kiitikio kilifunguka. Mpaka leo Miku wetu anaimba kwa koo lake na kuvuta hewa kwa mapafu ya mpiga drams, na mimi naona hilo ndilo tendo zuri kuliko yote tuliyowahi kufanya kama bendi.

Kasi nayo ina mambo yake. Miku wa 2007 alipendekezewa mapigo 70 hadi 150 kwa dakika, na noti za kati ya A3, ya chini, na E5, ya juu. Wimbo wetu mkubwa unakwenda 190. Kwenye kasi hiyo konsonanti zinakula muda wa irabu na maneno yanakuwa uji. Dawa yake ni kigezo kinachoitwa VEL: ukikipandisha, konsonanti inafupika na neno linasimama. Nilipitia noti moja moja, usiku tatu. Usitegemee kuandika maneno tu na kubonyeza kitufe.

Jukwaani, sharti kila mtu afuate metronomu. Mpiga drams anavaa vipokea sauti, kompyuta inampigia mdundo, sisi tunamfuata yeye. Ukumbi ukichangamka, huwezi kurudia kiitikio mara ya tatu kwa sababu watu wanataka. Miku atakuwa ameshafika kwenye ubeti. Hili linaniuma kama mpiga besi. Lakini nilikwenda Magical Mirai, tamasha la Miku, mwaka 2017, kwenye kumbi za Makuhari Messe, nikaona Miku akionyeshwa kwenye kioo kinachopitisha mwanga huku bendi ya watu halisi ikipiga. Wale nao wamefungwa na mdundo huo huo, na bado besi ilinigonga kifuani. Kumbe uhuru unaobaki ni wa nguvu ya mkono: upige kwa uzito gani, uachie wapi. Tangu siku ile nacheza tofauti.

Kuhusu fundi mitambo: katika ukumbi mmoja mdogo fundi aliipandisha sauti ya Miku juu ya magitaa mpaka watu wa mbele wakaziba masikio. Sauti yake imejaa pale pale gitaa lenye distoshoni linapokwaruza, na masikio yetu ni makali sana hapo. Punguza distoshoni kwanza. Gitaa litasikika kubwa vile vile, na Miku atapata njia bila kupigiwa kelele.

Na Kiswahili je? Hapa nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Kijapani kina irabu tano kama zetu, na silabi nyingi zinaishia na irabu kama zetu. Niliandika "bahari", likatoka safi, kana kwamba amezaliwa Tanga. Lakini Kijapani hakitenganishi l na r, kwa hiyo "kula" na "kura" zinakuwa kitu kimoja. "Mbali" inataka kugawanyika, m peke yake kisha ba-li, kwa sababu n ya Kijapani huchukua pigo lake. Nikaifupisha noti ile ya kwanza mpaka ikawa uzi tu mbele ya ba. "Mtoto" kinyume chake inakaa sawa kwa mapigo, maana hata kwetu m ile ni silabi kamili, ingawa atatamka "ntoto". Dh, th na gh hazipo.

Toleo la NT la 2020, lenye injini ya Crypton wenyewe, sijalitumia. Kwa V4X sijutii pesa yangu. Wimbo wa Kiswahili tumeshaupiga mbele ya watu mara mbili. "Nimelala", kwa sababu ya zile l, nimeibadilisha kuwa "usingizini", akaimba vizuri. Ubeti wa pili bado una "dhahabu", anaitamka "zahabu", na neno la kuiweka mahali pake sijalipata.