Hugin na lenzi mbili tofauti: uzoefu wangu wa kuunganisha picha pana Bagamoyo

Kwa picha pana za Mji Mkongwe wa Bagamoyo natumia Hugin, programu ya kompyuta inayounganisha picha kadhaa kuwa moja, na kilichonifanya nidumu nayo ni kwamba inapokea picha za lenzi tofauti ndani ya kazi moja, mradi ielezwe waziwazi ipi imetoka kwenye lenzi ipi. Programu hii ni ya bure na imejengwa juu ya Panorama Tools, kazi ya Mjerumani Helmut Dersch.

Wateja wangu hutaka picha ya ukutani inayoonyesha uso wote wa Boma la Wajerumani, pamoja na uwanja na anga, lakini wakisogea karibu wanataka kuona hata chokaa inavyobanduka. Lenzi ya mm 18 kwenye kamera yangu yenye kihisi cha APS-C (kidogo kuliko kile cha fremu kamili) huona upana wa takriban nyuzi 66. Ile ya mm 50 huona nyuzi 26 hivi, ila kila kitu hutokea kikubwa karibu mara 2.8. Kupiga yote kwa mm 50 kungeniachia picha nyingi za anga tupu, na anga tupu halina alama yoyote ambayo programu inaweza kuishika.

Hugin husoma taarifa za EXIF, yaani maelezo ya upigaji ambayo kamera huyaandika ndani ya faili ya picha, kisha huzipa lenzi namba kuanzia 0. Zumu iliyotumika kwa mm 18 na baadaye kwa mm 24 huhesabiwa kuwa lenzi mbili, na ndivyo inavyofaa, kwa sababu mistari hupinda kwa namna nyingine kila zumu inapozungushwa. Lenzi yangu ya mm 50 ni ya zamani na haiwasiliani na kamera, hivyo programu huniuliza urefu wa fokasi (zile mm za lenzi) na kizidishi cha kihisi, yaani namba inayolinganisha kihisi changu na kile cha fremu kamili, ambayo kwangu ni 1.5. Hapo huandikwa 50, si 75, kwa kuwa programu itazidisha yenyewe.

Kazi inayodai subira ni ile ya alama za ulinganifu, yaani nukta zinazoieleza programu kwamba kona hii ya dirisha ndiyo kona ile ile kwenye picha nyingine. Kati ya picha za lenzi moja, Hugin huzitafuta yenyewe na kwa kawaida hakuna la kuongeza. Kati ya mm 18 na mm 50 hupata chache, na baadhi yake ni za uongo, maana matao ya Boma yanafanana mno na kompyuta haioni ubaya wa kulioanisha tao moja na jirani yake. Kwa hiyo naziweka kwa mkono, nikichagua pembe za mawe na nyufa za ukutani, na nikiepuka makuti ya minazi ambayo hayatulii. Baadaye nafungua jedwali linaloonyesha kosa la kila alama kwa pikseli na kuzifuta zile zilizopotoka.

Ukokotoaji, yaani pale programu inapotumia alama hizo kuzipanga picha, nao una utaratibu wake. Naanza na mielekeo ya kamera peke yake, nafuata upana wa mtazamo wa kila lenzi, na mwishoni ndipo naruhusu kigezo b, kinachonyoosha mistari iliyofura kama pipa kwenye lenzi ya mm 18. Kuviachia vigezo vyote kwa pamoja wakati alama ni chache huleta matokeo ya ajabu.

Jambo ambalo hakuna programu italitibu kikamilifu ni paralaksi, yaani vitu vya karibu kuonekana vimehama mbele ya vile vya mbali kamera inaposogea. Kila lenzi ina nukta yake ambayo kamera inapaswa kuzunguka juu yake, kwa hiyo ninapobadilisha lenzi huisogeza kamera kwenye reli ya tripodi. Ufukweni, majahazi yakiwa mbali, tofauti hiyo haionekani; mbele ya Boma, penye mti wa karibu, inaonekana mara moja. (Wenye simu za lenzi mbili wanahusika pia, kwani lenzi hizo hazikai mahali pamoja.)

Enblend, programu ya kuchanganya picha inayokuja pamoja na Hugin, huficha maungio vizuri sana, hata pale ambapo jua la asubuhi kutoka baharini limebadilisha mwanga kati ya picha moja na nyingine. Haijui, hata hivyo, kwamba picha ya mm 50 ndiyo inayostahili kushinda. Inabidi nichore barakoa ya kulazimisha eneo lake libaki, na nyingine ya kuwaondoa wapita njia waliotokea mara mbili.

Kisha kuna ukubwa wa picha ya mwisho. Nikitaka kuhifadhi undani wote wa mm 50, sehemu za mm 18 hulazimika kuvutwa mara 2.8, na hapo ukungu huonekana. Anga hulivumilia hilo vizuri, lakini majani ya uwanjani hayalivumilii hata kidogo. Uwanja sasa naupiga kwa mm 35, na Hugin imeipa lenzi hiyo ya tatu namba 2 bila usumbufu wowote.