Mdogo wake yuko njiani: kigari kipi ununue, kipi uache

Mtoto wa kwanza ana mwaka na nusu, wa pili anakuja, na mara moja watu wanaanza kutafuta kigari cha watoto wawili. Kwa familia nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, hicho sicho cha kununua. Ni kipana au ni kirefu, kinachosha kupandisha ngazi, na mara nyingi mkubwa huanza kukataa kukaa humo kabla mdogo hajaweza kukaa wima. Kigari cha wawili kina watu wake, nao tutawafikia. Ila kabla ya kwenda dukani au mitumbani, chukua vitu viwili ulivyo navyo nyumbani: kadi ya kliniki na futi ya kupimia.

Kadi inakupa uzito wa mkubwa. Mtoto wa mwaka mmoja kwa wastani ana kilo 9 hivi, wa miaka miwili kilo 12, wa mitatu kilo 14. Linganisha na lebo ya kigari, ambayo huwa imebandikwa kwenye bomba la fremu karibu na magurudumu ya nyuma au imeshonwa chini ya kitako. Kiwango cha Ulaya cha EN 1888-1 ni cha mtoto asiyezidi kilo 15. EN 1888-2 kinafika kilo 22. Tofauti hiyo ya kilo 7 ni kubwa: cha kilo 15 kitamwacha mtoto wako akiwa na miaka mitatu au minne, cha kilo 22 kinaweza kumfikisha darasa la awali. Kisichokuwa na lebo hata moja, kirudishe mahali pake.

Futi ni ya milango. Usipime fremu, pima nafasi inayobaki mlango ukiwa wazi, maana ubao na bawaba hula sentimita kadhaa. Pima geti dogo, korido, mlango wa lifti kama mnakaa ghorofani. Andika namba iliyo ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo itakayoamua.

Nafasi ya kwanza: kigari kimoja imara kinacholala, pamoja na kibao cha kusimama

Hiki ni kigari cha mtoto mmoja ambacho mgongo wake unashuka hadi kulala kabisa, chenye magurudumu ya nyuma yenye kipenyo cha sentimita 25 au zaidi, na ekseli au bomba la nyuma ambalo kibao kinaweza kufungwa. Mdogo analala kitini, mkubwa anasimama juu ya kibao kati ya mikono yako. Vibao vingi hubeba hadi kilo 20 na vinafaa kuanzia miaka miwili hivi, mtoto akishaweza kushika na kusikia maneno.

Kulala ndiko sharti lisilopunguzwa. Mtoto chini ya miezi sita hajashika shingo na mgongo sawasawa. Ukimkalisha, kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua, na njia ya hewa inabanwa bila yeye kutoa sauti. Muuzaji akikwambia "kinalala", kishushe mwenyewe hadi mwisho na ukitazame kwa ubavu. Pembe kati ya kitako na mgongo iwe walau nyuzi 150. Vingi vya bei nafuu hukomea kwenye mkao wa mtu anayeangalia televisheni.

Kasoro ya kibao ni hatua zako: unalazimika kutembea miguu ikiwa mbali na kigari, au kando kidogo, la sivyo ugoko unagonga ubao. Vishikio vinavyorefuka vinasaidia sana. Na mkubwa akisinzia akiwa amesimama, mshushe papo hapo.

Mwenzi wa mpango huu ni mbeleko. Siku mkubwa amechoka, yeye anaingia kitini na mdogo anapanda mgongoni au kifuani kwa kitenge. Kwenye ngazi, sokoni na ndani ya daladala, hakuna kigari kitakachoishinda mbeleko, na hilo ni sababu nyingine ya kutolipia kiti cha pili.

Nafasi ya pili: kinachogeuka kuwa cha wawili, kiti kimoja mbele ya kingine

Hiki kinafaa kama watoto wamepishana chini ya miezi 18, yaani mkubwa bado hawezi kusimama kwenye kibao akatulia. Unaanza na kiti kimoja, cha pili unakiongeza baadaye. Upana unabaki ule ule wa kigari cha kawaida, hivyo milango haisumbui.

Shida iko kwingine. Kiti cha chini hukaa karibu na vumbi, mtoto haoni kitu isipokuwa kitambaa cha kiti cha mbele, na hewa haizunguki, jambo zito kwa joto la pwani. Fremu ni ndefu, kwa hiyo kupanda ukingo wa barabara unahitaji kukandamiza vishikio kwa nguvu ukiwa na kilo 16 za watoto juu ya uzito wa kigari chenyewe. Ulizia pia kama kiti cha pili kinauzwa nchini. Kwenye mitumba mara nyingi utaipata fremu bila adapta za kiti cha pili, na bila adapta hizo umenunua kigari kizito cha mtoto mmoja.

Nafasi ya tatu: cha wawili bega kwa bega

Kwa mapacha, hiki kinapanda hadi nafasi ya kwanza bila mjadala. Uzito umegawanyika sawa, kila mtoto ana hewa na mandhari yake, na kinasukumika vizuri kuliko kile kirefu. Upana wake ni sentimita 75 hivi, ndiyo maana tulisisitiza futi. Kwa mapacha wachanga hakikisha viti vyote viwili vinalala, na kila kimoja kinashuka peke yake.

Nafasi ya nne: chepesi cha mwavuli

Mhandisi wa ndege Mwingereza, Owen Maclaren, ndiye aliyebuni kigari kinachokunjwa kama mwavuli mwaka 1965, na wazo lake bado ni zuri kwa anayepanda bajaji au basi. Kinakunjika haraka na kukibeba si kazi. Lakini magurudumu yake madogo huzama mchangani na kukwama kwenye mashimo, na vingi havilali. Kichukue kama kigari cha pili, cha safari, kwa mtoto aliyevuka miezi sita. Usikifunge kibao wala usitundike mizigo kwenye vishikio vyake: kinapinduka kwa nyuma mara mtoto anaposhuka.

Za mwisho kwetu ni zile seti za tatu-kwa-moja zenye kikapu cha kulala, kiti na kiti cha gari. Kama hamna gari, theluthi ya pesa yenu imelala stoo. Na kama mnalo, kiti cha gari kiwe cha safari tu. Mtoto akisinzia humo, mkifika mhamishieni mahali tambarare.

Magurudumu

Kama njia yenu ni lami na vibaraza vya maduka, tairi za povu gumu zinatosha na hazipati pancha. Kama ni kokoto, vumbi au mchanga, tairi za upepo zinaleta tofauti ambayo mtoto ataihisi shingoni. Nyingi ni inchi 12, na ukisoma ubavuni pameandikwa 12½ x 2¼, kipimo hicho hicho cha baiskeli ndogo za watoto, kwa hiyo fundi baiskeli wa mtaani anayo tyubu. Angalia valvu: kwenye rimu ndogo hivi valvu iliyonyooka huwa haifikiki kwa pampu, ile iliyopinda ndiyo inayotakiwa. Gurudumu la mbele linalozunguka liwe na loki ya kulinyoosha, maana kwenye mchanga huru hugeuka upande na kuchimba. Likikwama hata hivyo, geuza kigari ukivute kinyumenyume.

Ukifika dukani

Weka mfuko wa unga wa kilo 10 kitini, ufunge kwa mkanda. Hapo una mtoto wa mwaka mmoja asiyelia. Sukuma kwa mkono mmoja mita kumi: kigari kikivuta upande, ekseli imepinda. Kanyaga breki kisha sukuma kwa nguvu. Magurudumu yote mawili ya nyuma yagome. Mkanda uwe wa ncha tano, yaani mabega mawili, nyonga mbili na katikati ya mapaja. Mwisho kikunje na kukifungua mara tano. Loki ilie "ka!" kila mara. Ikishindwa mara moja kati ya tano, itashindwa siku mtoto yumo.

Kwenye mitumba, Kariakoo, Kongowea au Gikomba, ongeza mambo matatu. Pitisha vidole kwenye bawaba za kukunjia kutafuta ufa au ribiti iliyolegea, na tazama kama panaweza kubana vidole vya mtoto. Novemba 2009 kampuni ya Maclaren ililazimika kutoa vifuniko vya bawaba kwa vigari karibu milioni moja vilivyouzwa Marekani, baada ya watoto kukatika ncha za vidole, na vya zamani hivyo bado vinaweza kukufikia bila vifuniko. Pili, nusa kitambaa na ufunue chini ya godoro: madoa meusi ya ukungu hayatoki kwa sabuni. Tatu, vuta kila mkanda kwa nguvu, kwa sababu jua huozesha nyuzi huku rangi bado inapendeza.

Kwa wakazi wa pwani, fremu ya alumini haishiki kutu, lakini ekseli na skrubu za chuma hushika. Ukitoka ufukweni chomoa magurudumu, suuza kwa maji baridi, kausha, kisha pulizia ekseli silikoni kidogo. Mafuta ya kupikia hunasa mchanga, na baada ya wiki mbili ekseli inasagika.